Huoni mtego, hukuuona mtego: kujaribu ugunduzi wa mitego katika Dungeons & Dragons

Swali la makala hii lilizaliwa mezani, si darasani. Tulikuwa watu sita tukicheza Dungeons & Dragons, toleo la 3.5, mimi nikiwa mwendesha mchezo, yule ambaye vitabu vya Kifaransa humwita maître du donjon. Mwenzetu aliyeigiza mchawi alisimama mbele ya mlango, akasema anatafuta mtego, akarusha dadu ya pande 20. Dadu ikaonyesha 20. Meza nzima ikapiga makofi. Nami nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha kila siku: «Hakuna kitu.» Akafungua mlango. Moto ukamtokea usoni, na mchawi wake akaanguka hajitambui.

«Ndugu, umesema uongo,» akaniambia. Nikachukua kitabu, nikamwonyesha ukurasa wa kanuni. Akausoma wote, akaurudisha. «Sikukuuliza kitabu kinasema nini. Nimekuuliza wewe umesema nini.»

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonisumbua wiki nzima. Kanuni ilifuatwa bila kosa. Hesabu ilikuwa sawa. Hata hivyo sentensi yangu ilikuwa ya uongo, na mtu mzima aliifanyia kazi kwa sababu aliniamini. Basi tukaamua kulijaribu jambo lenyewe: ugunduzi wa mitego hufanyaje kazi katika mchezo huu, na ni wapi hasa unapoharibika, katika dadu au katika maneno?

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuucheza, nieleze kwa kifupi. Kila mchezaji ana mhusika mmoja: mwizi, mchawi, askari, kuhani. Mwendesha mchezo anaueleza ulimwengu na kujibu kila tendo. Tendo lisilo na uhakika huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Unajumlisha nambari iliyotokea na ustadi wa mhusika, kisha unalinganisha jumla na kiwango cha ugumu, ambacho Wafaransa huita degré de difficulté. Jumla ikifikia kiwango au kukipita, umefaulu.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na katika vitabu vile vya kwanza mwizi hakuwamo. Aliingia mwaka 1975 katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk. Kabla yake, aliyeogopa mtego alitegemea maneno: alisema anagonga sakafu mbele yake kwa fimbo, na mwendesha mchezo alimweleza mlio aliousikia. Fimbo ya futi 10 imo katika orodha ya vifaa ya mwaka 1974, na sidhani iliwekwa pale kwa ajili ya kuangulia maembe. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimpa mwizi wa daraja la kwanza nafasi ya asilimia 20 ya kugundua mtego. Toleo la tatu, mwaka 2000, likaingiza dadu ya pande 20 katika ustadi wote, na toleo la 3.5 likafuata mwaka 2003. Kwa mwanafunzi wa lugha, safari hii ni ya kuvutia: utafutaji uliokuwa mazungumzo umegeuka kuwa nambari, na maneno yamebaki mahali pamoja tu, katika jibu. Hapo ndipo nilipomwangusha mwenzangu.

Sasa kanuni yenyewe. Katika 3.5, kutafuta katika eneo la futi 5 kwa futi 5, yaani mita moja na nusu hivi kila upande, huchukua mzunguko mzima mmoja, sekunde 6. Mtu yeyote anaweza kugundua mtego ambao kiwango chake cha ugumu hakizidi 20. Ukizidi 20, mwizi peke yake ndiye anayeweza kuugundua kwa ustadi wa kutafuta. Mtego wa uchawi una kiwango cha 25 pamoja na daraja la uganga uliotumika kuutengeneza. Mtego wangu wa moto ulikuwa wa daraja la kwanza, kwa hiyo 26. Mchawi wetu alikuwa na ustadi wa 6. Dadu ya 20 ukijumlisha 6 ni 26, kiwango kamili. Lakini yeye si mwizi. Angeweza kurusha dadu mpaka asubuhi na asiuone.

Angalia, basi, jinsi sentensi moja ya kukana inavyoweza kutoka katika hali tatu zisizofanana. Mchezaji anatafuta, mwendesha anamwambia hakuona kitu. Huenda mtego haupo. Huenda upo, na dadu ilikuwa ndogo. Huenda upo, na mhusika huyu hana uwezo wa kuuona hata dadu ikitoa nambari kubwa kuliko zote. Mwenye kujaribu mfumo wa namna hii ni lazima azitenganishe hali hizo tatu kabla ya kuhesabu chochote, la sivyo atahesabu vitu vitatu katika kikapu kimoja na kudhani amepata kipimo.

Tulianza na dadu kwa kuwa ndiyo rahisi. Mwizi wetu ana ustadi wa 8. Mbele ya mtego wa kiwango cha 20 anahitaji 12 au zaidi. Nambari kutoka 12 hadi 20 ni tisa, kwa hiyo nafasi yake ni 9 katika 20, asilimia 45. Tulirusha mara 20, tukaupata mtego mara 11. Mmoja wetu akasema papo hapo kwamba kanuni inampendelea mwizi. Hapana. Katika marusho 20 yenye nafasi ya asilimia 45, mkengeuko wa kawaida ni kama marusho mawili hivi kila upande. 11 haishangazi, wala 7 isingeshangaza. Nimeliweka hili hapa kwa sababu nimewasikia wenzangu wa isimu wakitoa hitimisho juu ya lugha nzima kutokana na wasemaji wachache kuliko marusho yetu. Mbele ya mtego wa 26, mwizi huyo huyo anahitaji 18, 19 au 20: asilimia 15 tu.

Iko njia nyingine, ambayo Wafaransa huiita faire 20. Kama hakuna hatari katika kushindwa na muda upo, mchezaji haachi jambo mikononi mwa bahati. Anahesabiwa kana kwamba amepata 20, lakini tendo linachukua muda mara 20. Mwizi wetu anapata 28, anauona mtego wa 26 bila shaka yoyote. Gharama yake ni saa. Chukua ukumbi wa futi 10 kwa 75: una maeneo 30. Kuutafuta kwa kurusha dadu mara moja kila eneo ni dakika 3. Kuutafuta kwa faire 20 ni dakika 60. Mwenge katika mchezo huu unawaka saa moja. Mnamaliza ukumbi, na mwenge unazimika mikononi mwenu. Naipenda kanuni hii kuliko zote za kitabu, kwa sababu haikatazi uhakika. Inauuza tu, na bei yake inajulikana.

Kisha tukauliza swali lililotuleta: jibu la kukana lina thamani gani? Tuseme mchezaji anaamini kwamba nusu ya milango ya ngome hii ina mitego ya kiwango cha 20. Mwizi anatafuta mara moja bila kuiona dadu, anaambiwa haoni kitu. Kwa milango 200, 100 ina mitego, na kati ya hiyo ataikosa 55. Milango 100 haina. Kwa hiyo majibu ya kukana ni 155, na 55 kati yake yanaficha mtego. Imani yake inapaswa kushuka kutoka asilimia 50 hadi 35 na kidogo. Kama mitego ni ya 26, ataikosa 85, na hesabu inakuwa 85 katika 185: asilimia 46. Karibu hakuna alichojifunza. Kwa mchawi, mbele ya mitego ya 26, hesabu ni 100 katika 200. Asilimia 50 ile ile. Dadu yake ya 20, iliyopigiwa makofi, haikumwambia lolote kuhusu mlango. Na mimi nikaifungia sentensi iliyomwambia kila kitu.

Kwa hiyo dadu hazikuwa na kosa. Tulipofika hapo ndipo kazi ikawa ya kitivo chetu.

Tulitayarisha milango 12. Mwenzetu mmoja, asiyecheza siku hiyo, aliandika kwa siri ni milango ipi sita yenye mitego. Mimi nilipewa karatasi yenye sentensi nne za kukana, nikazitumia kwa zamu, kila moja katika milango mitatu, pasipo kujali kama mtego upo au haupo. Wachezaji watano walisikia jibu, na kila mmoja akaandika peke yake: ninafungua, natafuta tena, au naondoka. Watu watano si kipimo cha lugha, narudia. Lakini walitosha kutuonyesha kwamba sentensi zile nne si sentensi moja.

Ya kwanza ilikuwa «Hakuna mtego.» Wote waliandika kwamba wanafungua. Hii haizungumzi juu ya mtafutaji hata kidogo. Inazungumza juu ya ulimwengu. Na katika mchezo huu mwendesha ndiye ulimwengu. Akisema hakuna, hakuna, kwani nje ya maneno yake hakuna mlango. Ndiyo maana mchawi wetu alisema nimesema uongo na hakusema nimekosea. Mtu anayetazama chini ya kitanda akasema hakuna nyoka anaweza kukosea. Mwendesha mchezo hawezi kukosea kwa namna hiyo. Anaweza kudanganya tu.

Ya pili, «Huoni mtego.» Hapa ndipo walipogawanyika: wengine wakafungua, wengine wakatafuta tena, na mwizi akauliza kama muda upo. Sentensi hii ni kweli katika hali zote tatu. Inasema juu ya macho ya mhusika, na mlango inauacha ulivyo.

Ya tatu, «Hujaona mtego,» ilileta tusilolitazamia. Kwa mantiki tupu ni kweli kama ile ya pili. Lakini karibu wote walitafuta tena, hata mbele ya milango isiyokuwa na kitu, na mmoja aliandika pembeni: «Bado tu, utaonekana.» Kiambishi -ja- hakikani peke yake, kinaweka tendo mahali linaposubiriwa. Mgeni hajafika ni mgeni anayengojewa. Ukimwambia mtu kwamba hajaona mtego, umemwahidi mtego. Wahadhiri wetu wametufundisha jambo hilo kwa mifano ya mvua na wageni; sikuwa nimewahi kuliona likimfanya mtu ateketeze mwenge wake mzima mbele ya mlango wa ghala la viazi.

Ya nne ndiyo sababu ya kichwa cha makala hii: «Hukuuona mtego.» Nilipoisoma mara ya kwanza, wachezaji watatu waliinua vichwa kwa pamoja, na mwizi akacheka: «Asante. Sasa uko wapi?»

Tofauti kati ya «hukuona mtego» na «hukuuona mtego» ni sauti moja, -u-, kiambishi cha yambwa kinachopatana na mtego. Kwa watu na wanyama, Kiswahili hudai kiambishi hicho karibu kila mara: nimemwona mtoto. Kwa vitu, mara nyingi mzungumzaji anachagua. Nimeona kitabu: kitabu fulani, chochote. Nimekiona kitabu: kile tunachokijua mimi na wewe. Kiambishi kinakichukua kitu kama kilichokwisha kuwemo katika mazungumzo. Na kukana hakukiondoi. Unapokana tendo la kuona, unalikana tendo; mtego wenyewe unabaki umesimama pale ulipowekwa na kiambishi. Ndiyo sababu sentensi hii mbele ya mlango usio na mtego haikuwa ya uongo tu, ilikuwa ya ajabu, kama kumwuliza mtu asiyeoa kama mke wake amepona.

Wanaofikiri kwa Kifaransa watalitambua jambo hili mara moja. «Vous ne voyez pas de piège» na «Vous n'avez pas vu le piège» zinatofautiana vivyo hivyo, ila Kifaransa kinafanya kazi hiyo kwa neno linalotangulia nomino, de au le, na kinamlazimisha mzungumzaji achague. Kiswahili hakina neno hilo. Tunasikia mara nyingi kwamba kwa kuwa hakina, hakijali kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Mwizi wetu hakuona hivyo. Alikisikia kiambishi, akaokoa ngozi yake.

Lakini wachezaji wawili hawakusikia chochote. Kwao «hukuona» na «hukuuona» zilikuwa jibu moja, na walifungua mlango. Kwanza nililaumu masikio: u mbili zikifuatana katika maneno ya haraka huyeyuka kuwa moja, na mimi husoma haraka. Nikairudia polepole. Bado. Hawa wawili ni wale ambao mezani huongea Kiswahili cha Lubumbashi moja kwa moja, bila kukikausha kwanza. Wao husema mutego, na wakitaka kusema haupo, husema «mutego haiko» au «hakuna mutego». Katika usemi huo upatanisho wa vitu umepunguzwa sana, i- ikifanya kazi ambayo Kiswahili sanifu hugawia ngeli kadhaa. Dhana yangu, na ni dhana ya watu wawili, ni kwamba sikio lililozoea usemi huo halitafuti habari katika kiambishi cha yambwa cha ngeli ya m-/mi-, kwa sababu habari hiyo hupelekwa kwa njia nyingine. Nilipowauliza wangesemaje wao, mmoja alijibu: «Ule mutego, haukuuona.» Habari yote iko katika ule, imewekwa mbele kabisa, na hakuna anayeweza kuikosa. Napenda mwanafunzi mwenye subira kuliko mimi alichukue swali hili na wasemaji wengi zaidi.

Iko sheria moja iliyojitokeza, na inamhusu kila anayeandika kanuni za mchezo kwa Kiswahili. Sentensi ya kukana haitoshi kuwa ya kweli. Lazima iwe ile ile katika hali zote. Fikiria mwendesha mwaminifu sana anayesema «hakuna mtego» pale ambapo haupo, na «huoni mtego» pale ambapo upo na umekosekana. Hasemi uongo hata mara moja. Lakini baada ya milango mitatu wachezaji wamekwisha kujua kwamba «huoni» maana yake ni mtego. Ukweli wake umekuwa mdomo wazi. Paul Grice alieleza jinsi msikilizaji anavyopima si lililosemwa tu bali pia lile ambalo lingeweza kusemwa likaachwa: kama ungeweza kusema hakuna, na umesema huoni, basi una sababu. Makala yake, «Logic and Conversation», ilichapishwa mwaka 1975, mwaka ule ule ambao mwizi aliingia katika mchezo. Ni sadfa tu, lakini imenifurahisha.

Tulijaribu pia kuikwepa kukana kabisa. Badala ya kusema asichokiona mhusika, nilisema anachokiona: mlango wa mbao, kitasa cha chuma, vumbi sakafuni. Njia hii ilikuwa ya waungwana na ilishindwa vibaya. Kila kitu nilichokitaja kikawa mtuhumiwa. Mchezaji mmoja alitumia dakika 10 za jioni yetu juu ya vumbi: ni jingi kiasi gani, lina alama za miguu, linaweza kuchukuliwa katika mfuko? Vumbi lilikuwa vumbi. Niliacha kulitaja, na mlango uliofuata mtu akauliza kwa nini hapa hapana vumbi.

Nieleze kwa haraka njia mbili ambazo wengine wametumia, kwani zote mbili zinaondoa sentensi. Toleo la tano la mchezo, la mwaka 2014, lina kipimo kisichorushiwa dadu: 10 ukijumlisha ustadi wa mhusika katika utambuzi, na 5 zaidi kama hali inamsaidia. Mwendesha analinganisha kipimo hicho na ugumu wa mtego kimya kimya, na mchezaji haulizi. Swali halipo, jibu halipo, uongo haupo. Nilipoijaribu niliona kasoro yake upande wangu wa meza. Kama mhusika mwenye macho kuliko wote ana 14, mtego wa 14 ataugundua kila siku na wa 15 hataugundua kamwe kwa kupita tu. Ninapoandika nambari ya mtego nyumbani, nimekwisha kuandika pia kama utaonekana. Hapo siwategi wachezaji wangu, nawapangia.

Michezo ya kompyuta inanyamaza kwa namna nyingine. Neverwinter Nights ya BioWare, iliyotoka mwaka 2002 ikifuata kanuni za toleo la tatu, iliwapa wachezaji zana za kutengeneza vituko vyao na kuvicheza pamoja kwa mtandao. Katika lugha yake ya programu iko amri ya kuuliza kama mtego umegunduliwa, na amri hiyo inadai vitu viwili: mtego gani, na kiumbe gani. Nililazimika kuisoma mara mbili. Kwa kompyuta, kugunduliwa si sifa ya mtego peke yake kama uzito au rangi. Ni uhusiano kati ya mtego na mtu. Haiwezekani kuuliza tu «umeonekana?» bila kusema na nani. Kiswahili kinaruhusu swali hilo lisilo na mtu, mtego umeonekana, na mezani kwetu limezaa ugomvi wake: mwizi anauona mtego, anamnong'oneza kuhani, na askari aliye nyuma anaruka juu yake kwa sababu mchezaji wake amesikia, ingawa mhusika wake hajasikia. Kompyuta haichoki kutunza hesabu ya nani anajua nini. Mwendesha mchezo wa mtu anachoka saa mbili usiku.

Karatasi yetu ya kanuni kwa Kiswahili sasa ina jibu moja tu la kukana, nalo ni «huoni mtego», bila -ja-, bila -u-, mtego uwepo usiwepo. «Hakuna» tumeliondoa katika kinywa cha mwendesha. Mwizi au mchawi anaweza kulisema akipenda kwa wenzake, na akikosea, amekosea yeye. Mchawi aliyechomwa alisoma karatasi hiyo, akaikubali, kisha akataka mstari mmoja uongezwe: asiye mwizi aambiwe kabla ya kurusha dadu kwamba kuna mitego asiyoweza kuiona. Tumeuongeza. Nilipaswa kuuandika tangu mwanzo.

Limebaki tatizo ambalo sikulitarajia kabisa, na halimo katika sarufi. Mwizi wetu aliacha kusikiliza sentensi, kwa kuwa sasa ni moja, akaanza kunitazama. Mtego usipokuwepo najibu mara moja. Ukiwepo, nashuka na macho kwenye daftari langu kulinganisha nambari, na ndipo najibu. Alihesabu kimya changu. Tangu hapo ninarusha dadu 20 nyumbani kabla ya kuja, naziandika kwa mstari, na mbele ya kila mlango, wenye mtego na usio na mtego, nafuta nambari moja kwa kalamu kabla ya kufungua kinywa. Jumamosi iliyopita aliniambia kwamba kalamu inakwaruza zaidi nambari zikiwa ndogo. Sijui kama ni kweli au ananitega. Nimenunua kalamu ya risasi.